Ajali ya Bandundu na hesabu ya kitovu cha uzito wa ndege

Tarehe 25 Agosti 2010, ndege ndogo ya abiria aina ya Let L-410 iliyotokea Kinshasa ilianguka ilipokuwa ikikaribia kutua Bandundu, magharibi mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kati ya watu 21 waliokuwamo, 20 walifariki dunia. Awali ilidhaniwa kuwa mafuta yalikwisha. Baadaye, maelezo yaliyonasibishwa na abiria pekee aliyenusurika yalisimulia jambo jingine kabisa: mamba aliyefichwa ndani ya begi alichomoka, abiria wakakimbilia mbele kwa hofu, na ndege ikapoteza mizani.

Wapo waliokicheka kisa hicho na wapo wasiokiamini hadi leo. Hata hivyo, swali kinaloliibua ni zito: je, watu wakihama hatua chache tu ndani ya ndege, wanaweza kuiangusha? Swali hilo linaweza kupimwa bila kuhatarisha roho ya mtu, kwa programu za kompyuta zinazoigiza urubani, zikiwemo za bure kama FlightGear.

Anayebeba ndoo mbili za maji kwa mzegazega anaijua kanuni yenyewe begani mwake. Ndoo moja ikizidi uzito, ama atausogeza mti, ama utamwelemea upande mmoja. Ndege nayo ina nukta moja ambapo uzito wake wote huhesabiwa kana kwamba umekusanyika hapo. Nukta hiyo ndiyo kitovu cha uzito.

Programu haikisii kitovu hicho. Mtengenezaji huiandikia uzito wa ndege tupu na mahali pa kitovu chake, kisha huorodhesha kila kinachoongezwa: marubani, viti vya abiria, chumba cha mizigo, matangi ya mafuta. Kila uzito huzidishwa kwa umbali wake kutoka nukta moja ya kupimia, majibu hujumlishwa, na jumla hugawanywa kwa uzito wote. Hesabu hiyo hurudiwa tena na tena wakati wa safari, kwa kuwa mafuta hupungua na kitovu husogea.

Tuchukue mfano wa kubuni. Ndege ina uzito wa kilo 6,000. Abiria 10, kila mmoja kilo 75, wanasogea mbele mita 4. Kilo 750 mara mita 4 ni 3,000. Gawanya kwa 6,000, kitovu kimehama nusu mita. Kwa ndege ndogo, hicho ni kiasi kikubwa mno, kwani nafasi inayoruhusiwa kwa kawaida haifiki hapo.

Pua ikielemewa, rubani hutegemea mkia kuisukuma irudi juu. Lakini nguvu ya mkia hutokana na mwendo: mwendo ukipungua kwa nusu, nguvu hubaki robo. Ndiyo maana wakati wa kutua, ndege inapokwenda polepole na karibu na ardhi, ni wakati mbaya kuliko wote kwa abiria kukimbilia mbele. Jibu hili halithibitishi kwamba mamba alikuwamo. Linaonyesha tu kuwa kisa hakipingani na fizikia.

Wanaojitengenezea ndege za kompyuta hujikwaa zaidi kwenye ile nukta ya kupimia. Katika Microsoft Flight Simulator, umbali huandikwa kwa futi, na namba chanya huelekea puani. Katika JSBSim, mfumo wa hesabu unaotumiwa na FlightGear, kwa kawaida huandikwa kwa inchi, na namba chanya huelekea mkiani. Anayenakili namba kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine bila kuzigeuza huenda akaipeleka injini ya puani hadi mkiani, kisha akailaumu programu.

Lakini kosa la alama huonekana mara ndege inapojaribu kupaa. Hatari zaidi ni uzito usio wa kweli, kwa sababu hesabu huenda sawasawa na jibu hutoka likiwa safi. Januari 2003, ndege ya Beechcraft 1900D ilianguka ilipopaa Charlotte, Marekani, na watu wote 21 waliokuwamo walifariki dunia. Wachunguzi walibaini kuwa nyenzo za kuendeshea mkia zilikuwa zimerekebishwa vibaya, na kwamba kitovu cha uzito kilikuwa nyuma kupita mpaka. Hesabu ya marubani ilikuwa imeonyesha kitovu kiko mahali pake, maana ilitumia uzito wa wastani wa abiria, ambao haukulingana tena na watu halisi. Baada ya ajali, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliyaagiza mashirika ya ndege ndogo kuwapima abiria na mizigo yao, kisha ikaupandisha wastani huo.

Katika safari za ndani za ukanda wetu, ambako gunia na begi hupakiwa mara nyingine bila kupita kwenye mizani, hata huo wastani hauwezi kutegemewa.