Kuisoma Picha Yenye Kushawishi: Njia Moja ya Kusomesha Fasihi ya Marekani Baada ya Vita

Mwenye kusomesha fasihi ya Marekani iliyoandikwa baada ya Vita Kuu ya Pili hana budi kukumbuka kwamba watu wa vitabu hivyo huishi katikati ya matangazo. Jokofu, motokaa na rangi ya nyumba viliwafikia kwa picha kabla ya kuwafikia kwa mkono. Mwanafunzi asiyefundishwa kuisoma picha hiyo atasoma nusu ya kitabu.

Mfano ulio wazi umo katika Death of a Salesman, mchezo wa Arthur Miller ulioonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1949. Willy Loman na mkewe wamenunua jokofu kwa malipo ya kidogo kidogo. Katika sehemu ya kwanza mke analitetea kwa kuwa matangazo yake yalikuwa makubwa kuliko ya wengine wote, na mume anakubali. Katika sehemu ya pili jokofu lilo hilo limeharibika, na Willy anadai kwamba alitaka wanunue lenye kutangazwa sana, kama lile la jirani yao. Msomaji wa haraka ataona usahaulifu wa mzee, basi. Lakini semi hizo mbili zikiwekwa pamoja, yaonekana kwamba tangazo limemdanganya wala imani yake katika matangazo haikupungua.

Ralph Ellison, katika Invisible Man ya mwaka 1952, alilitazama jambo hili kwa upande mwingine. Kijana mweusi ameajiriwa katika kiwanda cha rangi ambacho sifa yake kuu ni weupe wa rangi yake. Kazi yake ni kutia matone kumi ya dawa nyeusi katika kila ndoo na kuikoroga mpaka weusi usionekane. Tangazo lausifu weupe. Riwaya yaonyesha kilichofichwa ndani yake.

Ili wanafunzi wafikie maana kama hizo, yafaa waulizwe maswali matatu mbele ya picha yoyote. Kwanza, ni vitu gani vionekanavyo? Pili, maneno yaliyoandikwa yanafanya kazi gani? Roland Barthes, alipochambua tangazo la vyakula vya Panzani mwaka 1964, alieleza kwamba maneno huitia picha nanga, yaani huizuia isichukuliwe na mkondo wa maana nyingi. Tatu, ni jambo gani halikusemwa, bali limeachiwa mtazamaji alikamilishe?

Swali la tatu ndilo zito. Tarehe 7 Septemba, 1964, televisheni ya Marekani ilionyesha tangazo la uchaguzi la Rais Lyndon Johnson. Mtoto wa kike anachuma petali za ua akihesabu. Kisha sauti ya mwanamume inahesabu kwa kurudi nyuma, na bomu la atomiki linalipuka. Mpinzani wake, Barry Goldwater, hakutajwa hata kidogo. Tangazo lililipiwa mara moja tu, lakini watazamaji walilitia jina hilo wenyewe. Na neno ambalo mtu amejiambia mwenyewe ni vigumu kulikanusha.

Hapa mwalimu atumiaye Kiswahili apaswa kuchagua maneno kwa uangalifu. Kusadikisha ni kumfanya mtu aamini, mara nyingi kwa hoja. Kurai ni kumbembeleza. Kushawishi huweza kuwa na harufu ya kupotosha. Akiita kila picha "ushawishi", atakuwa amekwisha kuihukumu kabla ya wanafunzi kuitazama. Ni afadhali wao wenyewe wapime: tangazo hili lasadikisha, larai, au lashawishi? Na ushahidi wa jibu uko wapi katika picha?

Darasa likizoea kujibu hivyo, litarudi kwa Miller na Ellison kwa macho mapya, kwa maana waandishi hao hawakuwakataza wasomaji wao kutazama picha. Waliwaonyesha gharama ya kutazama bila kuuliza.