Chui milia wa India (2): Hifadhi iliyobaki bila chui

Wiki iliyopita tulieleza jinsi serikali ya India ilivyozindua Mradi wa Chui Milia tarehe 1 Aprili 1973 katika Hifadhi ya Corbett, ukianza na hifadhi tisa. Tulisema pia kwamba hesabu ya mwaka 1972 iliwakuta wanyama hao wakikadiriwa kuwa 1,827 nchi nzima, na kwamba Waziri Mkuu Indira Gandhi alilivalia njuga jambo hilo yeye mwenyewe. Leo hatutazunguka sana. Tutakaa mahali pamoja, Sariska, kwa sababu huko ndiko mradi ulikoaibika, na kwa maoni yangu ndiko ulikofunzwa zaidi.

Sariska iko katika milima ya Aravalli, jimbo la Rajasthan, mwendo wa saa chache kwa gari kutoka Delhi. Ni msitu mkavu unaopukutisha majani kiangazi, wenye nguruwe mwitu na sambari, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu ambaye chui milia humpenda kuliko windo lolote. Zamani watawala wa Alwar walikuwa wakiwinda humo. Mwaka 1978 ukaingizwa katika mradi. Tangu hapo haukupungukiwa na chochote ambacho hifadhi hutakiwa kuwa nacho: mipaka, sheria, askari, bajeti, hata watalii. Takwimu rasmi za mwaka 2004 zilionyesha chui milia wasiopungua 16. Mwanzoni mwa mwaka 2005 wataalamu wakaingia kuwatafuta, wakapekua mabonde na visima vya maji, na hawakumwona hata mmoja. Majangili walikuwa wamewamaliza wote.

Msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza: chui 16 wanawezaje kuwepo kwenye daftari ilhali msituni hakuna kitu?

Jibu limo katika namna walivyokuwa wakihesabiwa. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa kwa nyayo. Askari wa wanyamapori alitoka alfajiri kufuata njia za vumbi. Akikuta wayo, anauwekea kipande cha kioo juu yake, anaufuatisha ukingo wake kwa kalamu, kisha anauhamishia mchoro kwenye karatasi. Pengine alimimina plasta ili abaki na umbo kamili. Wayo uliotakiwa hasa ni wa mguu wa nyuma wa kushoto. Karatasi zote zilipelekwa ofisini, na huko ofisa alizipanga mezani na kuamua kwa macho yake: hizi mbili ni za dume mmoja, hii ni ya jike mwingine. Lakini wayo kwenye tope hutanuka, kwenye mchanga mlaini hupoteza kingo, na chui anayekimbia hakanyagi kama anayetembea. Mnyama mmoja aliweza kuhesabiwa mara tatu bila mtu yeyote kukusudia udanganyifu. Na penye nia ya kudanganya, mlango ulikuwa wazi kabisa, kwa kuwa mkuu wa hifadhi ambaye idadi yake imepanda hupongezwa, na ambaye imeshuka huitwa kujieleza.

Baada ya Sariska, utaratibu huo uliachwa. Sasa kamera hufungwa kwenye miti au nguzo kwa jozi, zikitazamana pande mbili za njia, kwenye kimo cha goti la mtu. Ni lazima ziwe mbili, maana milia ya ubavu wa kushoto hailingani na ya ubavu wa kulia, na hakuna chui wawili wenye milia inayofanana, kama vile alama za vidole vya watu. Mnyama akipita, kamera zinajipiga zenyewe. Picha za mbavu zote mbili zikishapatikana, huyo anatambulika mpaka kufa kwake, na hata ngozi yake ikikamatwa sokoni inaweza kulinganishwa na picha kujua alitoka msitu gani.

Hesabu ya kwanza kwa mtindo mpya, ya mwaka 2006, ilitoa makadirio ya chui 1,411 kwa India nzima. Wengi walishtuka. Mimi naiona namba hiyo kuwa ndiyo iliyouokoa mradi, kwa sababu hakuna daktari anayeweza kumtibu mgonjwa anayeficha maradhi. Mwaka 2010 makadirio yalifika 1,706, mwaka 2014 yakawa 2,226, mwaka 2018 yakawa 2,967, na mwaka 2022 yakafikia 3,682. Tusidhani kwamba ongezeko lote hilo ni watoto waliozaliwa. Maeneo yaliyokaguliwa nayo yameongezeka, na kamera pia. Hata hivyo mwelekeo ni wa kweli, na unatia moyo.

Lakini kamera haimzuii jangili. Mwaka 2005 serikali iliunda kikosi kazi chini ya mwanamazingira Sunita Narain kichunguze kilichotokea. Mwaka huohuo polisi walimkamata Sansar Chand, mfanyabiashara aliyekuwa akitajwa kwa miaka mingi katika biashara ya ngozi na mifupa. Mwaka 2006 sheria ya wanyamapori ilirekebishwa, ikaundwa mamlaka ya kitaifa ya kusimamia chui milia. Hayo yalistahili kufanywa. Kilichonigusa zaidi katika kazi ya kikosi hicho ni kwamba hakikuishia kwa majangili. Kiliwatazama pia watu wanaoishi ndani na kandokando ya hifadhi: wafugaji wa nyati wa maziwa na mbuzi ambao hawakuwa na hati ya ardhi, ambao mifugo yao ililiwa, na ambao hawakuona senti ya mapato ya utalii. Jangili hawezi kufanya kazi msituni bila mwenyeji wa kumwonyesha njia, au walau mwenyeji anayenyamaza.

Ushahidi ulikuja upesi. Mwaka 2008 dume mmoja alibebwa kwa helikopta kutoka Ranthambhore, hifadhi nyingine ya Rajasthan, akaachiwa Sariska, na majike wakafuata. Dunia nzima ilishangilia. Mwaka 2010 dume huyo alikufa kwa sumu, na waliotuhumiwa walikuwa wanakijiji. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 2012 ndipo watoto wa kwanza waonekane.

Wapo wanaosema dawa ni kuwahamisha watu wote. Sheria ya haki za wakazi wa misituni ya mwaka 2006 inataka ridhaa yao kwanza, na familia inayokubali kuhama hulipwa fidia. Wengine wamehama kwa hiari, wengine wamelalamika kwamba hiari hiyo ilikuwa ya jina tu. Huko Karnataka, Wasoliga wa vilima vya Biligiri walitambuliwa haki zao mwaka 2011 ndani ya hifadhi ya chui milia, na chui bado wapo. Kwa msomaji wa Tanzania anayejua mivutano ya kifuta jasho na kifuta machozi, hoja hii si ngeni: mkulima aliyelipwa kwa wakati na kuheshimiwa ni mlinzi, na aliyepuuzwa ana sumu mkononi. Sioni sababu ya serikali yoyote kuchagua kumpuuza.

Wiki ijayo tutazungumzia shoroba, yaani njia ambazo chui hupita kutoka msitu mmoja kwenda mwingine, na jinsi barabara kuu ya namba 44 karibu na Hifadhi ya Pench ilivyojengewa njia tisa za wanyama kupita chini yake.