Je, Wajua? Gramu Ngapi kwa Lita Ngapi

Je, wajua kwamba tanki la lita 10,000, kama yale yanayokinga maji ya mvua Machakos, hutibiwa kwa gramu 31 tu za unga wa klorini? Tuseme unataka miligramu 2 za klorini kwa lita: lita 10,000 zitahitaji gramu 20. Ila unga huo si klorini tupu. Ule wa 65% una gramu 65 katika kila 100, kwa hiyo gawanya 20 kwa 0.65 upate 30.8. Ukisahau kugawanya, utatia 1.3 kwa lita ukidhani umetia 2. Kisha, tope hula klorini. Shirika la Afya Duniani hutaka baada ya nusu saa ibaki angalau miligramu 0.5 kwa lita, kwa hiyo maji machafu yachujwe kwanza, la sivyo hesabu yako yote ni bure.

Je, wajua kwamba kuchemsha maji kunaweza kuyaharibu? Baadhi ya visima virefu vya pande za Athi River hutoa maji yenye floraidi nyingi, ile inayotia meno rangi ya kahawia. Kikomo cha Shirika hilo ni miligramu 1.5 kwa lita. Moto huua vijidudu, lakini floraidi haipandi na mvuke: lita 4 zikipungua hadi 3, ile 1.5 imekuwa 2.

Je, wajua kwamba mililita 50 za maji na 50 za ethanoli hazifiki 100? Hupatikana kama 96. Ndiyo maana maabara ya shule hujaza maji mpaka alama iliyo shingoni mwa chupa, badala ya kujumlisha ujazo.

Je, wajua kwamba asidi ya salfuriki ya 98% ina moli 18.4 kwa lita? Ukitaka lita moja ya moli 2, gawanya 2 kwa 18.4: mililita 109. Asidi ndiyo imiminwe kwenye maji, polepole. Kinyume chake hurukia macho.

Je, wajua kwamba pakiti ya chumvichumvi za kuhara ya gramu 20.5 imepimiwa lita nzima? Mwaka 2002 mchanganyiko huo ulipunguzwa ukolezi, kutoka 311 hadi 245 kwa kipimo cha osmolariti. Mama akiimimina kwenye nusu lita, mtoto anakunywa 490.