Donati za Viazi Sapiwi: Pima Kiazi Kabla ya Kupanga Bei

Bei ya unga wa ngano inapopanda, wakaanga maandazi na donati wengi hukimbilia viazi ili kupunguza gharama. Katika kata ya Sapiwi, wilayani Bariadi, mkoani Simiyu, njia hiyo huonekana nyepesi zaidi, kwani viazi vitamu ni zao la nyumbani Usukumani. Hata hivyo, hesabu ya donati za viazi ina mtego unaoweza kumla mtu mtaji wake taratibu.

Tanzania huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya ngano yake, pamoja na sehemu ya mafuta ya kula. Mwaka 2022 vitu vyote viwili vilipanda bei katika soko la dunia baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwezi Februari. Indonesia nayo ilizuia mafuta ya mawese kuuzwa nje kuanzia Aprili 28 hadi Mei 23 mwaka huo. Mkaangaji wa kijijini hana uwezo juu ya bei hizo. Anachoweza kubadili ni mchanganyiko wake.

Mtego wenyewe ni maji. Karibu robo tatu ya uzito wa kiazi kilichochemshwa ni maji, na unga wa ngano hunyweshwa maji ya bure. Kwa hiyo kilo moja ya kiazi kilichopondwa haichukui nafasi ya kilo moja ya unga, bali ya robo hadi theluthi tu.

Kwa mfano wa hesabu, unga ukiwa sh. 2,000 kwa kilo, kilo ya kiazi kilichopondwa inastahili kati ya sh. 500 na 650. Kiazi kibichi kikinunuliwa sh. 400 kwa kilo, na sehemu ya tano ikaishia kwenye maganda na sehemu mbovu, kilo iliyo tayari imeshagharimu sh. 500, kuni bado. Anayenunua kwa mafungu sokoni anaweza kuvuka kiwango hicho bila kujua. Anayechimba shambani kwake, au anayenunua gunia na kulipima kwenye mizani, ndiye mwenye nafasi ya faida. Lumbesa isiyopimwa haimwambii mnunuzi amelipa kiasi gani kwa kilo.

Viazi mviringo vina mtego huohuo wa maji, tena husafirishwa kutoka mikoa ya mbali kama Mbeya na Njombe, na havina utamu. Kiazi kitamu hupunguza sukari, na hapo ndipo hurudisha gharama upesi.

Kwa kuanzia nyumbani, gramu 750 za unga wa ngano na gramu 500 za kiazi kilichopondwa zinatosha. Viazi vichemshwe na maganda yake ili visinywe maji, vimenywe, vipondwe vikiwa moto na kuachwa vipoe. Huongezwa sukari vijiko vinne vya chakula, hamira vijiko viwili vya chai, chumvi kidogo, iliki na vijiko viwili vya mafuta. Kinyunga hukandwa kwanza bila maji. Yakihitajika, yaongezwe kidogo kidogo. Kikishaumuka kwa muda wa saa moja hutoa donati 27 hivi za gramu 50 kabla ya kukaangwa.

Karai ndilo linaloamua mwisho wa hesabu. Kinyunga chepesi mno au mafuta yasiyopata moto vizuri hufanya donati kufyonza mafuta, na mafuta hayo hayaongezi bei kwa mteja. Moto mkali nao una hasara yake: sukari ya kiazi huunguza nje upesi huku ndani kukiwa kubichi. Kipande cha kujaribia kikizama kidogo kisha kikapanda kikitoa mapovu, moto umefaa.

Msimu nao una bei yake. Viazi vibichi havikai muda mrefu, ndiyo maana Wasukuma huvihifadhi kwa kuvikata na kuvikausha vikiwa vibichi kupata michembe, au kwa kuvichemsha kwanza kupata matobolwa. Michembe ikisagwa, maji yameshaondoka, hivyo kilo ya unga wake hukaribia uzito halisi wa kilo ya ngano. Lakini unga huo hauna mnato wa ngano. Robo yake katika mchanganyiko ni kiwango cha busara cha kuanzia, ili donati isipasuke kwenye karai.

Ununuzi wa pamba, zao kuu la fedha mkoani humo, kwa kawaida hufunguliwa mwezi Mei, na fedha ya mkulima huanza kuzunguka magulioni. Mkaangaji anayeanika michembe yake wakati viazi ni vingi anaingia miezi ya kiangazi akiwa na sehemu ya malighafi iliyokwisha kulipiwa. Asiyefanya hivyo hurudi dukani kununua ngano kwa bei ya siku hiyo.