Nyumba ya Pili ya Mke wa Skimu

Chewele ni wadi ya eneo bunge la Bura, kaunti ya Tana River, na nje ya huko haitajwi sana. Ukisema Bura watu hukuelewa upesi. Watakumbuka mfereji, pamba ya zamani, joto, na matatu iliyokwama tope kwenye njia ya kuteremka Hola hadi Garsen. Mimi nikisikia Bura hukumbuka riwaya ambayo hakuna aliyeiandika.

Ni riwaya ya mke wa nyumbani. Mume keshatoka kwenda shamba, watoto wako shule, jua limeanza kuchoma mabati. Jirani anapita na mtungi wake wa maji, anasikia mtu akizungumza jikoni kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayemkaribisha mgeni wa heshima.

"Mama Fulani, kwani una wageni?"

"Wageni watoke wapi? Naongea na sufuria."

Wanacheka wote wawili. Jirani anaendelea na safari yake, na Mama Fulani anarudi alikokuwa: kwenye nyumba ya ghorofa yenye baraza inayotazama bahari, pazia jeupe, mume mwingine, jina jingine. Ameishi huko miaka sita sasa. Anajua vidato vya ngazi ni vingapi.

Mama huyu nimemtunga mwenyewe. Mahali nilipomweka ndipo pasipotungwa, na ndipo panaponifanya niamini kwamba kama Kiswahili kitapata riwaya yake kubwa ya mke aliyehamia kichwani mwake, itazaliwa huku na si Mombasa wala Unguja.

Mradi wa umwagiliaji wa Bura ulichorwa miaka ya 1970. Serikali, Benki ya Dunia na wafadhili wengine waliitazama nyika iliyo magharibi ya mto Tana wakaona humo kitu ambacho hakikuwepo: hekta 6,700 za kijani, familia zaidi ya 5,000, pamba ya kuuza na mahindi ya kula. Walowezi wa kwanza walifika 1981. Walitoka pembe nyingi za Kenya, wengi wao watu wasiokuwa na ardhi kwao, wakawekwa katika vijiji vilivyopewa nambari badala ya majina. Hebu fikiri kuolewa ukapelekwa kijiji chenye nambari. Kwenu kulikuwa na mlima, kulikuwa na mugumo au mkuyu wa babu, kulikuwa na shangazi wa kumsengenya; huku jirani wa kulia haelewi lugha yako, na wa kushoto naye haelewi lugha ya yule wa kulia.

Maji yalivutwa kutoka mtoni kwa mashine za dizeli huko Nanigi, mashine zilizokusudiwa kuwa za muda tu mpaka maji yaje yenyewe kwa mteremko. Gharama zikapanda kuliko ilivyotarajiwa, na eneo lililolimwa halikufika hata nusu ya lile la kwenye ramani. Hekta kama 2,500 hivi. Mashine zikachoka. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1980 pamba ilikuwa taabani, na muongo uliofuata ukawa wa mifereji mikavu. Baadaye skimu ilifufuliwa, na leo mahindi yamo mashambani. Ila kizazi kimoja cha wake kilizeeka kikisubiri maji.

Na kuna mti wa mathenge. Wapangaji wa mradi walijua kwamba maelfu ya familia katika nchi kame zitamaliza kuni, kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulipandwa mti huo wa kigeni usiojali ukame. Kuni zilipatikana kweli. Kisha mti ukatoka shambani, ukashika kingo za mifereji, malisho na njia za mifugo, na mwiba wake ukawa habari ya kila siku kwa mchungaji wa Kiorma na kwa mama Mpokomo vilevile. Mti uliopandwa kumpunguzia mwanamke mwendo wa kutafuta kuni ndio uliomzibia njia ya kwenda mtoni.

Naeleza yote haya kwa sababu kuna neno linanikera. Mtu wa ofisini akiketi mbali na Bura akaona kichwani mwake kijani kisichokuwepo, akahesabu magunia ambayo hayajavunwa na kuyagawa kwa familia ambazo hazijafika, tunasema ana mpango. Mama wa kijiji chenye nambari akikaa jikoni akaona pazia jeupe na ngazi, tunasema kichwa chake kimeanza kuharibika. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba ndoto ya mama haikukopa fedha za mtu.

Doris Lessing aliliona jambo hili mapema. Riwaya yake ya kwanza, The Grass Is Singing, ilitoka 1950, na mazingira yake ni shamba la walowezi wa Kizungu katika Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo. Mary Turner ameolewa na mkulima maskini, Dick, akapelekwa kwenye nyumba ya mabati isiyo na dari. Anaomba dari, mume anasema fedha hakuna. Joto linamshukia kichwani mwaka baada ya mwaka. Wakati huohuo Dick hakosi fedha ya kuanzisha nyuki, akimaliza nyuki ni nguruwe, kisha bata mzinga, kisha sungura, kisha duka. Kila kimoja kinamfia mkononi. Majirani humwona Dick mtu wa bahati mbaya, na Mary ndiye wanayemwona mwehu. Mwisho wake ni wa damu, na msomaji huujua tangu ukurasa wa kwanza kwa sababu kitabu kinaanza na habari ya gazetini ya kuuawa kwake. Wanaomwonea Mary huruma wakumbuke pia alivyowatendea wafanyakazi Waafrika. Lessing hakumfanya malaika. Lakini sijasoma kurasa nyingine zenye joto la mabati kama zile, na kila nisomapo naiona Bura.

Mama wa ukoo mzima wa riwaya hizi ni Madame Bovary ya Mfaransa Gustave Flaubert, mke wa daktari wa kijijini aliyesoma hadithi za mapenzi mpaka mumewe akamtoka machoni, akajifunga madeni na mwishowe akanywa sumu. Flaubert alishtakiwa kwa kuchafua maadili, akaachiliwa, na kitabu kikatoka 1857. Tarehe hiyo naitaja kwa makusudi. Mwaka uliofuata, 1858, mwanamke mgonjwa wa kisiwa cha Pate aitwaye Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa kumfundisha namna ya kuishi na mume. Ufaransa inatoa mke asiyeweza kukaa ndani ya ndoa yake, na pwani yetu inatoa mke anayempa bintiye ramani ya kukaa humo kwa usalama: radhi, usafi, adabu, ruhusa ya kutoka. Utendi huo umesomwa kama sheria kwa zaidi ya karne moja na nusu. Mimi huusoma pia kama kazi ya mke aliyelala kitandani akijenga kwa maneno nyumba ambayo hataingia, ya binti aliyekua, akiipanga chumba kwa chumba. Sidai kwamba Mwana Kupona na Emma Bovary ni ndugu. Nadai tu kwamba wote wawili walikuwa na nyumba ya pili.

Riwaya ya Kiswahili imewahi kuugonga mlango huo, ila haikukaa ndani. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka 1980, Bwana Maksuudi anamfungia mkewe Bi Tamima na binti yao Maimuna, na hadithi inapata mbio pale Maimuna anapotoroka. Bi Tamima, ambaye miaka yote ile yumo ndani, tunamjua zaidi kwa mapigo na talaka kuliko kwa mawazo yake. Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi, ya 1999, ina Yasmini, msichana aliyeozwa kwa Bwana Raza aliyemzidi umri mbali. Naye anafungua mlango na kwenda. Hao ndio mashujaa wetu, watokao kwa miguu. Euphrase Kezilahabi aliingia kichwani mwa mtu katika Kichwamaji, 1974, akashuka mpaka chini kabisa, ila kichwa chenyewe kilikuwa cha kijana msomi wa kiume. Mke asiyetoka mlangoni, anayeondoka huku bado anakoroga uji, bado hatujamwandika vya kutosha.

Nadhani sababu moja ni kwamba pwani ilikuwa na chombo kingine cha kazi hiyo, nacho ni pepo. Kjersti Larsen, mwanaanthropolojia wa Norway aliyetafiti Unguja kwa miaka mingi, anaeleza katika kitabu chake cha 2008 jinsi mapepo yanavyokuja kwa makabila yao: ruhani ni Waarabu na Waislamu wacha Mungu, habeshia wametoka Uhabeshi, rubamba ni wa Pemba, kibuki ni Wakristo wa Bukini, yaani Madagaska, wapendao brandi. Mke mpole aliyeshinda akichambua mchele hupandwa na kibuki wa kiume, akaketi kwa maringo, akadai chupa, akawasemesha watu lugha nyingine. Kesho yake anachambua mchele. Na nani hajasikia habari za ruhani mwenye mke wa mtu, mwenye usiku wake maalumu, ambaye mume wa duniani hana ubavu wa kubishana naye?

I. M. Lewis, aliyeanzia utafiti wake kwa Wasomali, alishikilia katika kitabu chake cha 1971 kwamba haya ni maombi ya wanyonge: mke asiyeweza kudai kanga kwa ulimi wake hudai kwa ulimi wa jini. Linda Giles akamjibu 1987, kwa kuangalia pwani ya Waswahili, kwamba wengi wa wanaopandwa na pepo si watu wa pembeni hata kidogo. Nikiwasikiliza wote wawili naona hawakunijibu swali langu la kimsomaji, ambalo ni dogo tu: saa ile anapokuwa yule mwingine, huwa anaona nini?

Bura haikuwa na uganga wa pamoja. Pepo huhitaji mji: ngoma zinazojulikana, mama mkubwa wa kilinge, majirani wanaolitambua jini kwa wimbo wake. Kijiji chenye nambari kilichokusanya watu wa lugha kumi hakikuwa na wimbo mmoja. Kwa hiyo Mama Fulani wangu alibaki peke yake na jini asiye na kabila. Alichokuwa nacho ni redio. Mwaka 1987 redio ya taifa ilianza kurusha mchezo wa kuigiza wa Ushikwapo Shikamana, uliobuniwa kwa ufundi ili uwafundishe wasikilizaji uzazi wa mpango. Tazama neno hilo limerudi: hata hadithi iliyomfuata jikoni ilikuja na mpango ndani yake. Naamini aliisikiliza kwa uaminifu, kisha betri zilipokwisha akaiendeleza mwenyewe, bila mpango wa mtu.

Mwanasaikolojia Eli Somer wa Haifa aliipa jina mwaka 2002 hali ya mtu anayeota mchana saa nyingi hadi maisha yake ya kweli yanadhoofu. Anayeota hivyo anajua vizuri kwamba anaota. Hilo ndilo linalomtenga na mwenye wazimu. Jina hilo litawafaa madaktari. Mwandishi wa riwaya akilitumia atakuwa ameufunga mlango aliokuja kuufungua, maana ndoto ya mama huyu ina hesabu zake. Ana sababu ya kuchagua ghorofa. Mwanamke aliyelala miaka sita usawa wa mfereji, akisikia mbu na vyura, hutaka ngazi.

Na ana sababu ya kutaka jina. Jane Hanger na Jon Moris waliandika 1973 juu ya wake wa skimu ya mpunga ya Mwea, wakaonyesha kwamba kazi ya mke iliongezeka huku fedha ya mpunga ikiingia mkononi mwa mume. Miaka michache baadaye Bura ikachorwa kwa kalamu ileile. Shamba la skimu liliandikwa jina la mwenye nyumba, na mwenye nyumba, isipokuwa kwa mjane, alijulikana ni nani. Palizi ya pamba haikuuliza jina.

Tana imewahi kutoa sauti ya mke wa jikoni hata ikafika mbali. Wimbo wa taifa wa Kenya, ulioandaliwa 1963, ulichukua lahani yake kutoka kwa wimbo wa bembea wa Wapokomo, ambao Meza Galana aliufikisha kwa kamati iliyokuwa ikitafuta wimbo wa taifa. Kila mbio zinapomalizika na Mkenya aliyeshinda akapanda jukwaani, uwanja mzima husimama kwa ajili ya sauti ambayo mwanamke mmoja kando ya mto aliitoa kumnyamazisha mtoto ili apate nafasi ya kufanya mambo yake. Mambo gani, hatukumwuliza. Tulichukua lahani tukaenda.

Kama ningeandika riwaya hiyo mimi, ningeianza asubuhi ambayo mashine za Nanigi zilinyamaza. Wanaume wanatoka nje, wanatazamana. Mtu anapanda ukingo wa mfereji kuangalia. Maji yaliyobaki yanazidi kuwa mekundu, samaki wadogo wanarukaruka kwenye tope, na watoto wanakimbia na mabeseni. Jikoni, Mama Fulani anasikia kimya hicho kinavyopita juu ya mabati. Anainua uso mara moja. Kisha anashika tena ncha ya pazia, kwa kuwa bado hajaamua kama dirisha la upande wa bahari alifungue au aliache hivyo mpaka alasiri.