Tuwafundishe vijana kutuliza mawazo



Mimi ni Bwana Shamba. Kazi yangu ni pamba, mtama, mahindi na mifugo. Leo sitaandika juu ya pamba. Nitaandika juu ya vijana wetu na mawazo yao. Lakini nitaanzia katika stoo ya pamba, kwa sababu ndipo jambo hili lilipoanzia.

Mwezi wa kwanza mwaka 2025 nilifika katika kaya moja mkoani Shinyanga. Funza wa vitumba walikuwa wameingia shambani. Nilimwomba mama wa nyumba ile anitolee bomba na dawa ya kupulizia. Mama akajibu, "Bomba lipo, Bwana Shamba. Dawa sikai nayo tena. Nimeipeleka kwa shemeji."

Nikauliza kwa nini. Mama alinyamaza. Kisha alinionyesha kwa kidevu kijana aliyekaa peke yake chini ya mwembe. Ni mwanawe, mwenye miaka 17.

Kijana huyo alifanya mtihani wa Kidato cha Nne mwaka 2023. Matokeo yalipotoka alikuwa amepata ziro. Hakusema neno. Alipanda gari akaenda kwenye machimbo madogo ya dhahabu upande wa Geita. Alibeba mawe. Alifanya kazi kwenye karasha. Aliosha mchanga kwa zebaki. Siku moja, baada ya mvua kubwa, duara lilititia. Mwenzake alitolewa akiwa maiti.

Alirudi nyumbani na nguo alizovaa tu. Baba yake akamwambia, "Shule imekushinda. Dhahabu imekushinda. Utaweza nini?" Tangu siku hiyo kijana hakulala vizuri. Usiku alisikia udongo unaanguka. Mchana alijitukana moyoni. Usiku mmoja mama alimkuta amekaa mlangoni mwa stoo, analia. Alisema, "Mama, mimi ni mzigo kwenu." Kulipokucha mama aliondoa dawa zote za pamba nyumbani.

Mama na kijana wamenikubalia niyaandike haya, bila majina yao.

MAMA ALIFANYA JAMBO KUBWA

Mama yule hajasomea udaktari. Lakini alichofanya ndicho kinachoshauriwa na wataalamu. Nchi ya Sri Lanka ilikuwa na watu wengi sana waliojiua. Serikali yao ikapiga marufuku dawa za shambani zenye sumu kali zaidi, moja baada ya nyingine. Katika miaka 20 kuanzia mwaka 1995, vifo vya kujiua vilipungua kwa zaidi ya nusu. Uchungu mkubwa wa moyo mara nyingi huja na kupita. Mtu akiwa mbali na sumu wakati uchungu umepanda, anapata nafasi ya kuishi hadi ushuke.

Kwa hiyo nakuomba, ndugu msomaji, fungia dawa zako za shamba na za kuogeshea ng'ombe. Tumia kufuli. Ufunguo ukae kwa mtu mzima. Mwaka mzima mimi huwafundisha watu kupima dawa, lakini jambo hili la kufuli nilikuwa silisemi. Sasa nalisema kila mahali.

Pia usiogope kumwuliza kijana wako, "Je, unafikiria kujidhuru?" Swali hilo halimtii wazo hilo kichwani. Linampa mlango wa kusema. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake. Mpeleke zahanati au hospitali siku hiyo hiyo. Kuna pia namba ya simu ya bure ya kusaidia watoto, 116.

MAFUNZO CHINI YA MWEMBE

Mama aliniuliza kama ninajua dawa ya mawazo. Sikuijua. Nilimwambia twende kwa nesi wa zahanati. Nesi alizungumza na kijana peke yake, akampima. Kisha akasema kuwa kijana huyu si wa kwanza. Kijijini wapo wengine waliorudi kutoka machimboni, na wapo wasichana walioacha shule kwa ujauzito. Wote wanajitukana moyoni. Akawakusanya vijana sita. Wakakutana kila Jumamosi chini ya mwembe wa zahanati. Mimi nilikaribishwa ili niwafundishe bustani ya mboga baada ya mazungumzo. Hivyo nami nilijifunza.

Siku ya kwanza nesi alileta michembe. Kila mmoja alipewa kipande kimoja. Tukaambiwa tusile haraka. Tukiangalie kwanza rangi yake. Tukiguse, tukinuse. Kisha tukitie mdomoni, tutafune polepole, tusikie utamu unavyotoka. Vijana walicheka. Mimi pia nilicheka. Nimekula michembe tangu nikiwa mtoto, lakini siku hiyo niligundua kuwa sijawahi kuila huku akili yangu ikiwa kwenye michembe.

Hilo ndilo somo lenyewe. Mwili unaweza kuwa hapa, na akili ikawa katika duara lililoanguka mwaka jana. Au akili ikawa katika aibu ya kesho. Kijana anafundishwa kuirudisha akili hapa alipo, polepole, bila kuipiga.

Njia wanayotumia zaidi ni pumzi. Unakaa, nyayo zako zinagusa ardhi. Unaweka mkono tumboni. Unavuta pumzi mpaka tumbo linainuka. Unaitoa taratibu, kama mtu anayepuliza uji wa moto. Mawazo yakija, huyafukuzi. Unayataja kimya kimya: "Hii ni hofu." "Hii ni aibu." Halafu unarudi kwenye pumzi. Akili ikitoroka mara 20, unairudisha mara 20. Nesi alisema kuirudisha ndiyo kazi yenyewe, si kosa.

Kuna kijana ambaye akifumba macho anaona ajali. Huyo asilazimishwe kufumba. Atazame mti au jiwe. Kijana wetu alitazama mbuzi wa jirani. Ilitosha.

KUJITENDEA WEMA SI KUJIDEKEZA

Jumamosi ya tatu ndiyo iliyonigusa zaidi. Nesi aliuliza, "Kama rafiki yako amefeli mtihani, amekuja kwako analia, utamwambia nini?" Vijana wakajibu vizuri sana. Pole. Si wewe peke yako. Tupange tena. Kisha nesi akauliza, "Na wewe ulipofeli, ulijiambia nini?"

Hakuna aliyejibu. Msichana mmoja alianza kulia.

Wakafundishwa kujisemea kama wanavyomsemea rafiki. Mkono juu ya kifua, maneno matatu au manne tu: "Hili ni gumu. Wengi limewapata. Nijitendee wema."

Mafunzo haya si ya kijijini kwetu tu. Nchini Marekani, mwaka 2003, Kristin Neff alieleza kuwa wema huu una sehemu tatu: kujisemea kwa upole, kukumbuka kuwa binadamu wote hukosea, na kuyatazama maumivu bila kuyakimbia wala kuzama ndani yake. Nchini Kenya, Tom Osborn na wenzake walianzisha mafunzo yanayoitwa Shamiri. Vijana waliomaliza sekondari hukaa na wanafunzi wa sekondari kwa saa moja kila wiki, kwa wiki nne. Huzungumza juu ya kushindwa na kukua, shukrani, na mambo wanayoyathamini. Walipowapima zaidi ya wanafunzi 400, huzuni na wasiwasi vilipungua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021.

Hapa Tanzania, Moshi, kulianzishwa mafunzo ya Sauti ya Vijana kwa vijana wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Wanaoongoza ni vijana wenzao waliofunzwa. Hujifunza pumzi za kutuliza mwili na jinsi ya kujibu mawazo mabaya. Walezi nao huitwa katika vikao viwili. Nesi wetu aliupenda mpango huo wa kuwaita walezi. Nitaeleza hapa chini alivyoutumia.

Najua utasema, "Bwana Shamba, hayo ni kudekeza. Mtoto bila kukemewa hafanyi kazi." Nami nilikuwa na mawazo hayo. Nimemkemea mwanangu mwenyewe kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Lakini sikiliza. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha California walitoa habari za wanafunzi waliofanya mtihani mgumu wa maneno. Baada ya kushindwa, baadhi yao waliambiwa wasijihukumu kwa ukali, kwa kuwa mtihani huo huwashinda wengi. Kisha wote wakapewa nafasi ya kujisomea kabla ya mtihani mwingine. Walioambiwa maneno ya upole ndio waliosoma kwa muda mrefu zaidi.

Sisi wa Shinyanga tunapaswa kulielewa hili haraka. Miaka ya 1980 ardhi yetu ilikuwa imechoka, miti imekwisha. Mwaka 1986 ulianza mpango wa HASHI, nao ukafufua desturi ya wazee wetu ya ngitili. Huendi kuigombeza ngitili ili iote majani. Unaifunga, unaondoa ng'ombe, unangoja mvua. Majani yanarudi. Hakuna aliyesema tunaidekeza ardhi.

YASIYOPONYWA NA PUMZI

Nisikudanganye. Nchini Uingereza zaidi ya wanafunzi 8,000 walihusika katika jaribio la kufundisha utulivu wa akili darasani. Matokeo yalitoka mwaka 2022. Waliofundishwa hawakuwa na nafuu kuliko wenzao. Wengi hawakufanya mazoezi nyumbani. Mimi sikushangaa. Hata shamba darasa halina faida kama mkulima akirudi kwake anapanda kwa kutawanya mbegu. Kijana aje kwa hiari, kundi liwe dogo, na mazoezi yawe ya kila siku, hata dakika tano.

Tena pumzi haiondoi zebaki mwilini. Kijana aliyeosha dhahabu kwa zebaki, kisha mikono yake inatetemeka, anasahau, au hapati usingizi, lazima apimwe na daktari. Sumu hiyo huharibu mishipa ya fahamu. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilieleza kuwa lilikuta watoto wa miaka minane wakifanya kazi katika machimbo ya nchi yetu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za hatari kwa walio chini ya miaka 18, na uchimbaji ni mojawapo. Kumtuliza mtoto kisha kumrudisha duarani ni kazi bure.

Na shule haijafungwa. Aliyefeli Kidato cha Nne anaweza kurudia akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Tangu mwezi Novemba 2021 serikali imeruhusu waliokatisha masomo, pamoja na wasichana waliojifungua, kurudi shuleni. Wawili kati ya vijana sita hawakuwa na habari hiyo.

BABA ALIPOITWA

Jumamosi ya sita nesi aliwaita wazazi. Baba wa kijana yule alikuja amechelewa, akakaa nyuma. Nesi hakumlaumu. Aliwauliza wazazi wote swali lile lile: ulipokuwa kijana ukashindwa jambo, uliambiwa nini nyumbani? Baba alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasimulia jinsi alivyopoteza ng'ombe watatu wa babu yake, na maneno aliyoambiwa. Ana miaka zaidi ya 50, lakini aliyasema kama yaliyotamkwa jana.

Hakumwomba mwanawe radhi mbele za watu. Wazee wetu hawana desturi hiyo. Lakini waliondoka pamoja, na baba ndiye aliyesukuma baiskeli.

Mwezi wa tano nilipita tena. Nilimwuliza kijana hali yake. Akasema, "Shikamoo, Bwana Shamba. Duara bado linaanguka usiku, ila si kila usiku. Nikiamka naweka mkono tumboni. Nagusa ukuta. Najua niko nyumbani."

Amejiandikisha kurudia mtihani. Baba yake amempa kipande cha ardhi karibu na lambo, amepanda mchicha na nyanya. Alikuwa na swali lake pia. Kuna wadudu wanakula majani ya nyanya, na mama hataki dawa nyumbani. Tukakaa shambani, tukawaokota kwa mkono, mmoja mmoja.