Roketi ya Ndege Pacha: Umbo ni Lako, Mizani si Yako

Umewahi kuchora ndege mbili za kivita zilizoshikana ubavu kwa ubavu, halafu ukajiuliza kama zaweza kupaa kama roketi? Wengi watakucheka. Ati roketi ni lazima iwe bomba moja lililochongoka kama penseli! Si kweli. Roketi ya mfano yaweza kuwa na umbo lolote, mradi mizani yake iwe sawa. Na hapo ndipo penye kazi.

Kuunganisha ndege si jambo geni. Mwaka wa 1945 Wamarekani waliijaribu ndege ya kivita iliyokuja kuitwa F-82 Twin Mustang. Ilikuwa na viwiliwili viwili vilivyoshikwa na bawa moja katikati. Mara ya kwanza ilikataa katakata kuondoka ardhini. Kumbe rafadha zake, yaani zile panga za mbele, zilikuwa zikipanda juu upande wa bawa la kati na kuvuruga hewa hapo. Injini zikabadilishwa, ya kushoto ikaenda kulia na ya kulia kushoto, ndipo ikapaa. Mwaka wa 1947 mojawapo iliruka kutoka Hawaii hadi New York bila kutua, mwendo wa kilomita 8,000 hivi. Funzo ni kwamba ukiunganisha ndege mbili hupati ndege mbili, bali kitu kipya chenye tabia zake.

Sasa tuje kwenye roketi yetu. Kila roketi ina vitovu viwili. Cha kwanza ni kitovu cha uzito, pale ambapo ukiiweka juu ya kidole inatulia bila kuinama. Cha pili ni kitovu cha kani ya hewa, mahali ambapo nguvu yote ya upepo ni kama imekusanyika. Kitovu cha uzito sharti kiwe mbele ya kile cha hewa. Utazame mshale: chuma mbele, manyoya nyuma. Ukigeuza mambo, utapinduka hewani.

Ndege pacha ina shida tatu. Kwanza, mabawa yake ni mapana, na yakikaa mbele sana yanavuta kitovu cha hewa kije mbele. Yasogeze nyuma, au uongeze udongo wa kufinyangia katika pua zote mbili, kwa uzito sawa. Pili, mikia ya ndege husimama upande wa juu tu. Ongeza mapezi upande wa chini pia. Kama unaona yanaharibu sura, yakate kwa plastiki angavu yasionekane. Tatu ni injini. Usiweke mbili, moja kila upande. Moja ikikataa kuwaka, roketi itageuka kama mtumbwi unaopigwa kasia upande mmoja. Weka injini moja katika bomba la katikati, na parashuti mbele yake.

Utajuaje kama umefaulu? Kata kadibodi mbili, moja yenye umbo la roketi ikitazamwa kutoka ubavuni, nyingine kutoka juu. Kila moja iweke juu ya ukingo wa rula. Inapotulia ndipo kilipo kitovu cha hewa, kwa makadirio. Halafu weka jiwe lenye uzito wa injini mahali pa injini, funga uzi kwenye kitovu cha uzito, uizungushe roketi juu ya kichwa uwanjani. Pua ikitangulia, hongera! Mkia ukitangulia, rudi mezani. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Neno la mwisho, na hili si mchezo: usijitengenezee baruti, wala ya vichwa vya viberiti. Mwaka wa 1954 Orville Carlisle, muuza viatu wa Nebraska, Marekani, aliunda roketi ya mfano yenye injini ndogo ya kubadilishwa. Mwaka wa 1957 alimtumia mhandisi G. Harry Stine roketi hizo, baada ya Stine kuandika juu ya vijana waliokuwa wakiumia kwa kujiundia zao. Mchezo huu ulikua ili kuokoa vidole na macho. Kama huna injini ya kiwandani na mtu mzima anayeijua, basi kadibodi, uzi na jiwe vinatosha. Roketi inayozunguka vyema kwenye uzi imekwisha kukufundisha sehemu kubwa ya somo.

Hadi hapo, kalamu naiweka chini.